Nani Aombee Chakula?

Mfalme Yannai wa Yudea alikuwa na kila kitu mezani isipokuwa mtu wa kumshukuru Mungu. Talmudi ya Babeli inasimulia kwamba mfalme huyo, aliyetawala karne moja hivi kabla ya Kristo, alikuwa amewaua wanazuoni wa nchi yake. Siku moja akala na malkia, wakashiba, ikabaki sala ya baada ya mlo, na katika jumba zima hakupatikana mtu wa kuiongoza. Malkia alikuwa na kaka yake, Shimon ben Shetach, mwanazuoni aliyenusurika kwa kuwa dada yake alimficha. Akamwapisha kwanza mumewe kwamba hatamdhuru mtu atakayeletwa, ndipo akamtoa kaka yake mafichoni. Mfalme akamkalisha Shimon kati yake na malkia, akampa kikombe cha divai aongoze sala. Shimon akauliza kwa kejeli: amshukuruje Mungu kwa chakula walichokula Yannai na wenzake, naye hajaonja hata tonge? Akanywa kikombe kile, wakamletea kingine, na juu ya hicho cha pili ndipo akaomba.

Aliyeandika kisa hicho hakukusudia kufurahisha wasomaji tu. Alikuwa anajadili sheria: ni nani anayestahili kuwaombea wengine mezani? Mwenye jumba hakuweza, ingawa alikuwa mfalme. Aliyeweza alikuwa mtu mwenye elimu, na hata yeye alitakiwa awe ameonja walau kidogo cha kumpa sababu ya kushukuru.

Kwetu swali hilo huja kila jioni, ila halisemwi kwa sauti. Baba akiwepo, kichwa cha kila mmoja kinamgeukia yeye. Baba akisafiri, mama anaanza, kisha anasita na kumtazama mwanawe wa kidato cha pili. Mchungaji akija, baba mwenyewe anamwachia. Bibi akiwepo, naye ni mkubwa kuliko wote, hakuna anayejua la kufanya mpaka bibi mwenyewe afumbe macho. Dada wa kazi, ambaye pengine ndiye anayesali kuliko wote nyumbani humo, haulizwi kabisa. Mtu akihoji, jibu liko tayari: ndivyo dini inavyotaka.

Je, ndivyo? Sura hii inazipitia meza za Wayahudi, Wakristo na Waislamu, ikitazama kilichoamriwa hasa. Tutaona kwamba kanuni za dini juu ya sala ya chakula hujibu maswali matatu tofauti: wajibu ni wa nani, heshima apewe nani, na anayefundishwa ni nani. Ugomvi mwingi wa mezani hutokea pale jibu la swali moja linapochukuliwa kuwa jibu la mengine yote.

Wajibu ni wa nani?

Hakuna dini iliyoichambua sala ya mlo kwa undani kama ya Kiyahudi. Msingi wake ni aya ya Torati, katika Kumbukumbu la Torati 8:10, inayomwagiza aliyekula akashiba amhimidi Mungu kwa ajili ya nchi njema aliyopewa. Kwa sababu hiyo sala yao kubwa huja baada ya kula. Kabla ya kula kuna baraka fupi ya mkate. Baada ya kushiba kuna sala ndefu yenye sehemu kadhaa.

Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu na mwaka 200, inasema kwamba watatu waliokula pamoja hawaruhusiwi kutawanyika kila mmoja na sala yake. Mmoja wao lazima awaalike wengine kumhimidi Mungu, nao wamwitikie. Mwaliko huo unaitwa zimuni. Wakifika kumi, jina la Mungu linaongezwa ndani yake. Mishna hiyo hiyo inataja wasiohesabiwa katika idadi ya watatu: wanawake, watumwa na watoto.

Msomaji wa leo akifika hapo hufunga kitabu, akiamini kesi imekwisha. Marabi wa Talmudi hawakukifunga. Wao walikuwa na kanuni moja ya msingi: mtu anaweza kumtimizia mwenzake wajibu endapo naye ana wajibu huo huo. Anapoomba na wengine wakaitikia Amina, sala yake inahesabiwa kuwa yao. Basi kama yeye mwenyewe hadaiwi sala hiyo, hana cha kuwahesabia. Ndiyo maana swali lililowasumbua katika ukurasa wa 20b wa kitabu cha Berakhot halikuwa kama mwanamke ana sauti nzuri, au kama ni adabu asikike mbele ya wanaume. Waliuliza kama wajibu wake wa kushukuru unatoka katika Torati yenyewe au umewekwa na wanazuoni. Ukitoka katika Torati, yuko sawa na mwanamume, na anaweza kumwombea. Ukiwa wa wanazuoni tu, hawezi kumtimizia mtu ambaye wajibu wake ni wa Torati.

Katika mjadala huo likaletwa fundisho la zamani zaidi: mtoto anaweza kumwombea baba yake, mtumwa anaweza kumwombea bwana wake, na mke anaweza kumwombea mume wake. Kisha wanazuoni wakaongeza laana kwa mwanamume ambaye mkewe na watoto wake ndio wanaomwombea. Fundisho hilo husomwa upesi na watu wakakumbuka laana peke yake. Lakini laana haikumwangukia mke, wala haikuibatilisha sala yake. Ilimwangukia mume aliyekua mpaka akaoa, akazaa, na bado hajui kumshukuru Mungu kwa mkate wake. Sheria iliruhusu, aibu ilibaki kwa asiyejifunza.

Kwa wanawake wakiwa peke yao, Talmudi inasema wanaweza kufanya zimuni yao wenyewe. Yosef Karo alipochapisha mjini Venice, mwaka 1565, kitabu cha sheria ambacho Wayahudi wengi wanakifuata hadi leo, aliliandika hilo kama jambo la hiari. Gaoni wa Vilna, mwanazuoni wa karne ya 18, aliona ni wajibu kamili. Hata hivyo kwa karne nyingi ni wanawake wachache waliofanya hivyo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wengi wao hawakuifahamu sala. Angalia mzunguko huo: hawakufundishwa kwa kuwa hawakuongoza, na hawakuongoza kwa kuwa hawakufundishwa. Desturi ikashinda ruhusa iliyokuwemo kitabuni muda wote.

Juu ya mtoto nako kuna mlango. Rabi Nachman alisema kwamba mtoto anayemjua yule anayemwomba anaweza kuhesabiwa. Talmudi inafuatisha kisa cha wavulana wawili, Abaye na Rava, waliokuwa wameketi mbele ya mwalimu wao Rabbah. Akawauliza: tunamwomba nani? Wakajibu: Mwenye Rehema. Na anakaa wapi? Rava akaonyesha dari. Abaye akatoka nje, akaonyesha mbingu. Rabbah akasema wote wawili watakuwa wanazuoni, na wakawa kweli. Jamii nyingi za Kiyahudi za Ulaya baadaye ziliamua kusubiri mpaka mvulana afike miaka 13, lakini kipimo cha Rabi Nachman kilikuwa ufahamu, hakikuwa umri.

Heshima apewe nani?

Swali la pili liliibuka kwenye karamu. Rabi Zeira alikuwa ameugua akapona, na Rabi Abbahu akaandaa karamu ya kushukuru. Ulipofika wakati wa kumega mkate, mwenyeji akamtaka mgeni amege. Rabi Zeira akakataa, akamkumbusha kwamba mkate humegwa na mwenyeji; kanuni kamili inayotajwa hapo inaongeza kuwa sala ya mwisho huongozwa na mgeni. Sababu zilizotolewa ni za mtu anayeijua tabia ya binadamu. Mwenyeji akimega mwenyewe atatoa vipande vikubwa, kwa sababu chakula ni chake. Mgeni angeona haya na kukata vidogo. Naye mgeni akiongoza sala ya mwisho atapata nafasi ya kumwombea mwenyeji wake. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Marabi walikuwa wameuweka uponyaji huo ndani ya utaratibu wa meza.

Hapa kipimo kimehama. Mwenyeji hakunyimwa sala ya mwisho kwa kuwa hastahili, wala mgeni hakupewa kwa kuwa ni mtakatifu zaidi. Kila mmoja amepewa sehemu ambayo akiwa nayo wengine watanufaika. Ni kanuni ya adabu, na adabu hubadilishwa na mwenye nyumba bila kuvunja dini: anaweza kuitwaa sala mwenyewe, au kumpa amtakaye.

Lakini adabu ikimsahau mtu huumiza. Ulla, mwanazuoni aliyesafiri mara nyingi kati ya Palestina na Babeli, alikula nyumbani kwa Rabi Nachman. Kama mgeni akaongoza sala, kisha akampitishia Nachman kikombe cha baraka. Nachman akamwomba akipeleke pia kwa Yalta, mkewe. Ulla akakataa, kwa hoja kwamba uzao wa mwanamke hubarikiwa kupitia kwa mwanamume, kwa hiyo kikombe cha mume kinatosha. Yalta akasikia. Akainuka kwa hasira, akaingia ghala la divai, akavunja mitungi 400. Nachman akamsihi mgeni ampelekee kikombe kingine. Ulla akatuma, akisema divai yote ni ya baraka. Yalta akamrudishia jibu kali juu ya maneno ya watu wazururaji.

Wafasiri wameandika mengi kuhusu mitungi ile. Kwangu mimi la kuzingatia ni kwamba Yalta hakudai kuongoza sala. Alidai kikombe. Kanuni ya nani anaongoza ilikuwa imefuatwa sawasawa, mgeni aliongoza kama inavyotakiwa, na bado mwenye nyumba wa kike aliachwa nje ya baraka ya chakula chake mwenyewe. Walioihifadhi Talmudi wangeweza kukiondoa kisa hicho. Wamekiacha, na Ulla ndiye anayetoka na aibu.

Nyakati zetu zimeandika ukurasa mwingine. Mwaka 1973 kamati ya sheria ya marabi wa mkondo wa Conservative huko Marekani iliruhusu wanawake wahesabiwe katika idadi ya kumi inayohitajika kwa ibada ya pamoja. Uamuzi huo una mguu wake Afrika Mashariki: Abayudaya wa Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale, wengi wao wanafuata mkondo huo, na rabi wao Gershom Sizomu aliwekwa wakfu Marekani mwaka 2008. Wayahudi wa Orthodox kwa ujumla hawajaukubali. Jumuiya zote mbili zinasoma ukurasa ule ule wa Berakhot.

Anayefundishwa ni nani?

Wakristo hawakurithi zimuni. Injili zinamwonyesha Yesu akitwaa mikate, akishukuru, akimega. Matendo 27 inamwonyesha Paulo akimshukuru Mungu kwa mkate mbele ya watu 276 katika chombo kilichokuwa kinakaribia kuvunjika, wengi wao wakiwa wapagani. Hakuna aya inayosema ni nani katika familia aombee chakula.

Aliyelitolea jambo hilo utaratibu wa wazi alikuwa Martin Luther. Alipotembelea parokia za Saxony mwaka 1528 alishtuka kukuta watu wasiojua hata Baba Yetu. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo, na ndani yake mna sehemu inayomwelekeza mkuu wa nyumba namna ya kuwafundisha watu wake sala ya chakula. Wengi hukomea kwenye maneno hayo, mkuu wa nyumba, wakahitimisha kwamba Luther alimpa baba sala ya meza. Ukisoma mbele kidogo unakuta jambo jingine. Wanaokwenda mezani, wakafumbata mikono na kuitamka sala, ni watoto na watumishi. Baba kazi yake ni kufundisha. Sala yenyewe imetengenezwa kwa aya za Zaburi ya 145, Baba Yetu na ombi fupi, kitu ambacho mtoto anaweza kukikariri kwa wiki moja.

Luther hakuwa anapigania haki za watumishi. Aliona kwamba meza ndilo darasa pekee ambalo kila mtu wa nyumba hufika bila kukosa, na mwanafunzi hujifunza kwa kusema mwenyewe. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana makanisa saba, limeirithi katekisimo hiyo. Kwa hiyo nyumba ya Kilutheri ambamo mtoto wa darasa la kwanza ndiye anayeombea wali haijalegeza mapokeo, imeyarudia. Na nyumba ambamo dada wa kazi hajawahi kuombwa afanye hivyo ndiyo iliyojitenga na kitabu chake.

Sinia moja, Bismillahi ya kila mmoja

Katika Uislamu swali letu linabadilika sura, maana sala ya chakula ni tamko fupi ambalo kila mlaji ana sehemu yake. Hadithi inayofundishwa katika vyuo vya Kurani ni ya Umar bin Abi Salama, mtoto wa kambo wa Mtume (S.A.W.), aliyekuwa akizungusha mkono katika chombo. Mtume alimfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hakumwambia asubiri mtu mzima ataje kwa niaba yake.

Hadithi nyingine, aliyoisimulia Hudhayfa, inamwonyesha msichana aliyekuja mbio akataka kutia mkono katika chakula, Mtume akamshika mkono. Kisha akaja bedui kwa haraka ile ile, naye akashikwa. Mtume akaeleza kwamba shetani hutafuta njia ya kukila chakula kisichotajiwa jina la Mungu. Msichana na mwanamume mzima walizuiwa kwa kosa moja na kwa namna moja. Hudhayfa anaeleza pia kwamba masahaba hawakuwa wakianza kula kabla ya Mtume kuanza: adabu ya kumtanguliza mkubwa, ambayo kila nyumba ya pwani inaijua.

Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, alisema kwamba mmoja wa walaji akitaja Bismillahi, sunna imepatikana kwa wote. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa Lamu na Zanzibar kwa vizazi, aliifafanua kauli hiyo: bora kila mmoja ataje, na inapendeza aitaje kwa sauti ili wengine wakumbuke. Haikuwekwa sharti kwamba huyo mmoja awe mwanamume, wala awe mkubwa. Binti wa miaka minane akisema Bismillahi kwa sauti, baba aliyesahau amekumbushwa. Na aliyesahau kabisa amefundishwa tamko la kusema katikati ya mlo, la kumtaja Mungu mwanzo wake na mwisho wake.

Kuna dua ya baada ya kula, ambapo mgeni humwombea mwenyeji, kama Mtume alivyowaombea watu wa nyumba ya Saad bin Ubada alipokula kwao mkate na mafuta. Kwenye hitima au harusi dua hiyo kwa kawaida hupewa shehe au mwalimu, wengine wakaitikia Amin. Hiyo ni heshima ya elimu. Tatizo huanza pale watu wanapochukua kanuni ya uimamu wa swala, ambako wanazuoni wengi hawaruhusu mwanamke kuwaongoza wanaume, wakaileta kwenye sinia. Swala ina safu, kibla, udhu na imamu. Bismillahi ya chakula haina hata kimoja kati ya hivyo.

Walioandika kanuni waziwazi

Isidhaniwe kwamba kila anayemtaja baba amebuni. Yapo makanisa yenye mafundisho ya wazi. Mashahidi wa Yehova, wakiifuata sura ya 11 ya Wakorintho wa Kwanza, hufundisha kwamba mume ndiye huongoza sala ya familia, na mke akilazimika kuomba kwa sauti mbele ya mumewe hujifunika kichwa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho linamweka baba kuwa msimamizi wa nyumba, na rais wake wa mwanzoni mwa karne ya 20, Joseph F. Smith, alifundisha kwamba hata kiongozi mkubwa wa kanisa akitembelea, mezani mwenye mamlaka bado ni baba. Lakini humo humo kusimamia si lazima kuwe kusema: baba humteua wa kuomba, na mara nyingi humteua mtoto.

Kanisa Katoliki limelipanga kwa njia yake. Kitabu cha Baraka kilichotolewa Roma mwaka 1984 kina baraka za meza, na kinawaruhusu walei, wanaume kwa wanawake, kuongoza baadhi ya baraka kwa nguvu ya ubatizo na kipaimara chao. Padri au shemasi akiwepo, anaachiwa yeye. Mama Mkatoliki anayeombea chakula hamshikii mtu nafasi. Anatumia nafasi yake mwenyewe. Katika jumuiya ndogo ndogo, zilizosisitizwa na maaskofu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, akina mama huongoza ibada nzima nyumbani kwa jirani. Ajabu ni pale mmoja wao anaporudi kwake akangoja mumewe aje kuombea ugali.

Wanaopinga hutegemea Timotheo wa Kwanza, sura ya 2, inayotaka wanaume wasali na inayomkataza mwanamke kufundisha. Lakini Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wakorintho, anatoa masharti kwa mwanamke anayesali au kutoa unabii. Hawekwi sharti mtu ambaye hatakiwi kufanya jambo lenyewe. Wakristo wamebishana juu ya aya hizo kwa miaka mingi, nao wataendelea. Ubishi huo, hata hivyo, ni wa kanisani: nani ahubiri, nani asimame madhabahuni. Atakayeuleta mezani ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini.

Kupima nyumbani

Basi mtu anayesema dini imekataza aulizwe, kwa upole, anajibu swali lipi. Kama ni la wajibu, aonyeshe ni nani kati ya walioketi ambaye Mungu hamdai shukrani. Katika dini tulizozitazama, ni vigumu kumpata. Kama ni la heshima, basi ni adabu, na adabu inaweza kumpa zamu mgeni leo, bibi kesho, mama keshokutwa, bila aya yoyote kuvunjwa. Kama ni la kufundisha, anayestahili kupewa sala mara nyingi zaidi ni yule asiyeijua bado.

Baba hapotezi kitu katika hesabu hiyo. Marabi walimwaibisha kwa kutojua, Luther alimpa kazi ya ualimu, na Mtume alimwonyesha namna ya kumfundisha mtoto wa kambo pale pale penye chakula. Katika nyumba ambamo baba huomba kila siku kwa miaka ishirini, kisha akafariki na hakuna aliyebaki anayeweza kuanza, baba huyo aliitunza heshima yake na akaiacha kazi yake.